Bahari Tuliyoipasha kwa Maranda

Vijana wa maabara, siku ile ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nimelielewa. Saa sijui mlidhani mstaafu anawahi wapi, lakini nimeitundika sebuleni na inapiga vizuri. Mkaniomba pia niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi kabla sijakuja kwenu, na ndicho ninachokifanya hapa asubuhi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitawasimulia habari za maji ya chumvi, maranda, na kichaka kimoja cha mwani.

Nilianza kazi katika kituo kidogo cha mbegu za viazi nje ya mji wa Njombe, upande wa Yakobi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Makambako yalipoanza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tumeshavisahau sura, na mitumba ikimwagwa chini kila siku ya gulio. Huku kwetu ruksa ilikuja na uso mwingine: tuliambiwa kituo kijitafutie riziki yake. Wakubwa wa kituo wakaanza kuuza kabichi. Daktari Lutengano akaagiza maji ya bahari, na watu wakamhurumia.

Daktari Lutengano alikuwa mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, msahaulifu wa chakula. Alisomea urithi wa mimea ng'ambo, akarudi akapangiwa viazi. Viazi alivitendea haki yake, lakini moyo wake ulikuwa kwa mwani mwekundu, ule ambao akina mama wa pwani wanaufunga vipande vipande kwenye kamba na kuuacha ukue majini. Wanunuzi walikuwa wameanza kuufuata huko huko ufukweni. Kulikuwa na spinosi, mgumu kufa lakini wa bei ya chini, na kulikuwa na kotoni, mnene, wa bei nzuri. Ubaya wa kotoni ni kwamba maji yakipata moto sana unageuka mweupe, unalainika, unadondoka. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: je, kustahimili joto kumo ndani ya jeni za mmea, yaani unazaliwa nako, au mmea unazoea tu, kama mtu wa Njombe anavyozoea Dar es Salaam baada ya kulalamika mwaka mzima?

Mkuu wa kituo alimuuliza kwa nini asiende kuulizia hayo pwani. Daktari akamjibu kwamba pwani huwezi kupoza maji bila umeme, na umeme ni wa mgao, ila Njombe baridi ni ya bure, na mwenye baridi ya bure anaweza kupasha maji yake mpaka joto lolote analolitaka. Mkuu alikubali. Nadhani alichoka kumsikiliza.

Maji yaliletwa na Bwana Sefu. Huyu alikuwa msafirishaji wa Makambako, mzaliwa wa pwani ya Bagamoyo, aliyekuja kununua mahindi akaoa na kubaki. Lori lake lilishuka na viazi na mbao, likapanda na sukari, mabati na mapipa yetu ya plastiki yaliyojaa maji ya chumvi. Kwenye vizuizi askari walimuuliza amebeba nini, naye akajibu bahari. Mara nyingi walimshusha, wakaonja wenyewe kwa kidole, wakatema, wakamwachia. Siku ya kwanza alipofika kituoni tulitoka wote kuyaangalia yale maji, mpaka mpishi, na kusema kweli yalikuwa maji tu. Lakini pipa lilipofunguliwa ilitoka harufu ambayo sikuwahi kuinusa, nikabaki nimesimama pale hata baada ya wenzangu kurudi ndani.

Mimi ndiye niliyepewa nyumba ya vioo, na nitawapa mafunzo machache niliyoyapata humo, maana yanafaa hata kwa kazi yenu. La kwanza: maji ya tangi yakipungua kwa jua, usiongeze maji ya bahari. Niliongeza, siku yangu ya pili, nikajiona mwangalifu. Daktari akaniuliza kwa upole kama chumvi nayo huwa inapaa angani. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji ya mvua, kidogo kidogo, huku ukipima. La pili: maji ya chumvi yasiguse chuma. Tulikata pipa la chuma katikati, tukalijaza maji ya kawaida, na matangi ya kioo yakakaa ndani yake kama mtoto kwenye beseni. Chini ya pipa ndipo moto unapokaa, debe likiingizwa kwa nje ili moshi usijae ndani.

Moto wenyewe ulikuwa wa maranda. Njombe mashine za mbao hazikosekani, na maranda yalikuwa ya kuombwa. Unachukua debe, unasimamisha mti mnene katikati, unashindilia maranda pembeni kwa nguvu zako zote, kisha unauchomoa mti taratibu ili tundu libaki. Ukiwasha kwa chini, debe moja linaungua polepole, bila ndimi wala haraka, tangu chai ya asubuhi mpaka jua linapozama. Ukishindilia kizembe linabomoka na joto linaruka. Nimetumia mashine nyingi za bei kubwa baadaye, za kuwaka taa za kijani, na hakuna iliyoniheshimu kama debe lile. Hewa tuliitoa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori: unaujaza kwa pampu ya baiskeli, unaupachika mrija mwembamba, na mapovu yanapanda kwenye tangi moja moja.

Sijui niwaelezeje utulivu wa nyumba ile. Nje ilikuwa Julai ya kwetu, nyasi zimepigwa na barafu ya alfajiri, watu wanapita wamejitanda mablanketi wakisalimiana kamwene, kamwene, bila kutoa mikono nje. Ndani kulikuwa na joto la pwani, vioo vimefuka, na ule mwani mwekundu ukicheza kidogo kila povu lilipopanda. Mara nyingi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikitazama, na mawazo yakanichukua mbali. Niliona misitu ya rangi ya damu ya mzee inayopepea chini ya maji, na mimi napita katikati yake na kipimajoto mkononi. Kisha kengele ya chai inalia, nafungua mlango, na baridi ya Njombe inanipiga kofi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwaka mmoja joto la pwani lilizidi. Bwana Sefu alifika mwezi Machi na habari kwamba katika kijiji cha dada yake, kaskazini ya Bagamoyo, kotoni yote imekufa. Dada yake, Bi Mwanaidi, alikuwa mjane aliyeanza kulima mwani mapema kuliko wenzake, na kwa kotoni alikuwa ameezeka nyumba yake bati upande mmoja. Kamba zake zote zilikuwa zimebaki tupu, isipokuwa kichaka kimoja, ukubwa wa kichwa cha kabichi, ambacho kilikataa kufa. Alikuwa amekifunga kwenye kanga yenye unyevu na kumkabidhi kaka yake. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: amesikia huku milimani kuna watu wanatunza bahari ndani ya nyumba, wamtunzie hicho mpaka joto lipite, atakifuata upepo wa kusi ukianza na maji yakipoa, awe na mbegu ya kuanzia.

Hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo watu wa viazi tu wangelifanya. Kwetu kiazi cha mbegu unakikata kwa macho yake, na kila jicho ni mche wako, unauhesabu. Tukakikata kichaka cha Bi Mwanaidi vipande vingi, tukavifunga kwenye nyuzi kwa furaha, vingine tukaviweka kwenye tangi la joto la kawaida, vingine kwenye tangi la moto, pamoja na kotoni ya kawaida tuliyokuwa nayo. Ile ya kawaida ikapauka na kudondoka. Ya Bi Mwanaidi ikasimama, kila kipande. Tulimkimbilia Daktari tukamwambia mimea yote imeshinda. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema tulichonacho ni shahidi mmoja aliyebadilisha kanzu mara nyingi. Vipande vyote ni mmea ule ule. Zaidi ya hapo, mmea umetoka kwenye joto juzi tu. Pengine haukuzaliwa na nguvu hiyo, pengine umeizoea. Akaagiza vyote virudishwe kwenye maji ya starehe, vikae humo miezi, mpaka vikue vipya na kusahau joto. Ndipo tuvipashe tena. Vikisimama baada ya kusahau, basi nguvu hiyo ni ya kuzaliwa, na itakwenda na kila kipande kitakachokatwa.

Shida ni kwamba kusi ilikuwa imeanza, na mwenye mali akaja.

Bi Mwanaidi alifika kwa lori la kaka yake mwezi Juni, amevaa kanga mbili na koti la mtumba la kiume alilonunuliwa Makambako. Alinisalimia huku amejikunyata ndani ya koti. Akaniuliza, "Mwanangu, huku watu wanaishi au wanahifadhiwa?" Nikamwingiza kwenye nyumba ya vioo upesi. Alisimama mlangoni kwanza, akavuta pumzi, na nikaona mabega yake yakishuka. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi lake bila kuonyeshwa. Akaingiza mkono, akauinua mwani wake, akaugeuza kama anayekagua mtoto aliyerudi kutoka kwa shangazi.

"Umenona," alisema. "Nashukuru. Sasa nifungieni."

Daktari alimweleza yote, kwa Kiswahili chepesi na kwa adabu. Kwamba hatujui bado. Kwamba akiupanda sasa, majirani watachukua mbegu kwake, na kijiji kizima kitakuwa kinalima mmea mmoja. Kama nguvu yake ni mazoea tu, joto likirudi baada ya miezi ya baridi watapoteza wote kwa pamoja. Aubakishe mpaka mwisho wa mwaka, tuupashe, tujue. Bi Mwanaidi alimsikiliza huku mkono wake ukiwa bado ndani ya maji.

"Daktari, mimi nilileta kitu changu kitunzwe," alisema. "Sikukileta kihukumiwe. Ukifa kwenye moto wenu?"

"Utakuwa umejua, mama."

"Nitakuwa nimejua, na mkono mtupu."

Bwana Sefu alianza kutazama vioo. Mimi nilikuwa upande wa yule mama, nawaambieni wazi; nilimwona amesafiri na tumaini lake lote, na sisi tunamwambia alisubirishe kwa ajili ya jibu letu. Pia nilijua kwamba Daktari hakuwa na makosa, na hilo ndilo lililonichoma. Daktari alitoka nje. Kupitia kioo kilichofuka nilimwona amechuchumaa mbele ya debe la maranda, anaota moto kama mtu yeyote. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine.

Alisema aliwagombeza wafanyakazi wake kwa kuhesabu vipande kama mimea, na yeye mwenyewe alikuwa amepanga kuvipasha karibu vyote, kosa lile lile. Kama ni mmea mmoja, vipande vichache vitasema kila kitu. Vingine vitabaki hapa bila kuguswa na moto hata kidogo. Vikifa vile vichache, mama atarudishiwa vilivyobaki, avilime wakati wa baridi na kuvivuna kabla ya joto, akijua mipaka yake.

"Vichache ni vingapi?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Vinne."

"Viwili."

Wakakubaliana vitatu, kama watu walio sokoni, na nadhani ndipo alipomwamini. Akaongeza sharti moja: moto aushike huyu binti. Akanionyesha kwa kidole chenye maji. Kisha akarudi pwani bila mbegu, kwenda kulima spinosi ya bei ya chini msimu mzima, na mimi nikabaki na deni ambalo sikuliomba.

Miezi ile niliiishi kama niko kwenye usingizi mwepesi. Nilishindilia maranda, nilipima chumvi, nilibadilisha maji. Mwani uliota ncha mpya, laini, ambazo hazikuwahi kuonja jua la Bagamoyo. Niliota mara kwa mara kwamba nimeingia asubuhi na kukuta tangi limejaa maua meupe ya pareto, na kwenye ndoto nilikuwa nafurahi, kisha nikiamka moyo unadunda, maana weupe kwetu ulikuwa ni kifo.

Novemba tulivitia vile vitatu kwenye tangi la moto, pamoja na vitatu vya kotoni ya kawaida vilivyokaa kwenye starehe hiyo hiyo. Nyuzi joto thelathini na tatu, mchana na usiku. Na mvua, kwa kawaida yake ya kutochagua siku, ikaanza. Maranda yakalowa kwenye mashine zote. Maranda mabichi yanatoa moshi bila joto, nikaona kipimajoto kinateremka. Niliyabeba nyumbani kwa magunia, nikayaanika jikoni juu ya mabati, karibu na mafiga. Mama yangu alikuwa akiruka magunia kwenda kusonga ugali, akisema kwa Kibena maneno ambayo sitayaandika. Daktari alilala kituoni zamu za usiku, mimi nikashika za mchana, na joto likakaa mahali pake.

Kotoni ya kawaida ilianza kupauka kwenye viungo. Halafu ikawa na rangi ya mshumaa, halafu ikaachia nyuzi na kutua chini. Vile vitatu viligeuka rangi kidogo, vikawa vyeusi vyeusi, nikaogopa. Asubuhi moja niliinama nikaona kwenye kimojawapo ncha mpya, nyekundu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Mmea unaokufa hauoti. Nilimwita Daktari. Aliangalia kwa kioo cha kukuzia, akaketi kwenye ndoo yangu, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Akasema ni ya kuzaliwa. Ni jeni ipi, au ngapi, hajui, na kwa vifaa vyetu hatutajua. Lakini ni ya kuzaliwa. Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa, na mume wangu analijua hilo.

Hatukupata muda wa kusherehekea. Kabla ya Krismasi tuliitwa mkutanoni tukaambiwa nyumba ya vioo inakwenda kwa mwekezaji wa maua, na wengi wetu tunapunguzwa. Daktari alipata kazi ya kufundisha, mbali. Tulifungasha mwani siku hiyo hiyo. Kumbukeni, mwani husafiri vizuri ukiwa na unyevu, siyo ukiwa umezama; ndani ya maji yaliyotulia unaoza. Tuliufunga wote kwenye vitambaa vya pamba vilivyoloweshwa maji ya chumvi, vile vitatu vikiwa na alama ya uzi mweusi, tukapanga ndani ya sanduku la mbao, juu tukaweka magunia mabichi. Bwana Sefu aliliweka sanduku ndani, kwenye kiti cha utingo wake, na utingo akapanda juu ya viazi. Tuliutuma kwenye bahari iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuchemka. Daktari alinipa mkono, akaniambia nilishindilia vizuri, na sijamwona tena.

Mimi nikapata kazi ya maabara ya hospitali, hiyo mnayoijua, ya kutafuta vimelea vya malaria kwenye damu za watu. Msimu ule wote wa joto sikupata habari. Kila jua lilipowaka hata hapa Njombe nilitazama juu kwa hasira. Sikuwa na namna ya kuuliza, na niliogopa kuuliza. Nilimwazia yule mama na mkono wake ndani ya maji.

Masika yalipokatika nilikuwa Makambako nikisubiri gari la kurudi Njombe, nikamwona Bwana Sefu anapakia viazi. Alinisalimia, akaniuliza hali za wazazi, akauliza mvua, akauliza bei ya mahindi, kama vile hajui ninachongoja. Nikamwambia, "Bwana Sefu, nakuomba, sema tu."

Akaegemea gurudumu, akasema, "Alhamdulillahi, umesimama. Wote. Kijiji kizima wamechukua mbegu kwake."

Nilimshika mkono. Akaendelea kwamba wale akina mama hawauiti kotoni tena, maana kotoni kwao ni ile iliyokufa. Wanauita Njombe. Wengi wao hawajui ni mahali, wanadhani ni jina la mwani tu. Maji yakitoka alfajiri wanashuka na kamba zao begani, na wakikutana njiani wanaulizana, Njombe imeamkaje leo?

Nikamwambia akifika awajibu kwamba haijambo, kisha nikazunguka nyuma ya lori, kwenye magunia ya viazi, nikalia mpaka gari langu likaondoka bila mimi.